Masizi ya D-4: Valvu Ambazo Petroli Haizigusi

Toyota Noah na RAV4 zilizotoka Japani na injini ya 1AZ-FSE zimewafanya mafundi wengi wa Dar es Salaam na Nairobi waliogope jina la D-4. Malalamiko hufanana: asubuhi gari linatetemeka, silensa inapanda na kushuka, na ukikanyaga mafuta linasita kabla ya kuondoka. Mteja huuziwa plagi mpya, kisha chupa ya dawa ya kumimina kwenye tangi. Plagi huenda zilihitajika kweli. Dawa ile haifiki penye ugonjwa.

Katika injini ya kawaida, nozeli hunyunyizia petroli nyuma ya valvu za kuingiza hewa, nayo huziosha kila mara. Nozeli ya D-4 hupiga ndani ya silinda moja kwa moja. Valvu zinabaki na hewa tu, pamoja na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka sehemu ya krenki na moshi wa ekzosi unaorudishwa na EGR. Mvuke unanata, masizi ya moshi yanashika juu yake, na joto linaoka vyote kuwa gamba jeusi linalobana njia ya hewa.

Kazi ya kuliondoa huanza kwa kufungua manifoldi ya hewa. Kinachofuata ndicho ninachompimia fundi: je, anazungusha krenki kwanza? Valvu za silinda inayosafishwa lazima ziwe zimefunga kabisa, la sivyo uchafu utaangukia pistoni. Injini hii inawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Pistoni ya silinda namba 1 ikishafika juu kwenye mgandamizo, nusu mzunguko wa krenki unakupa namba 3, na kuendelea.

Wenye mashine hupuliza maganda ya walinati yaliyosagwa kwa upepo wa kompresa, huku vakyumu ikifyonza. Maganda hayo yanashinda masizi kwa ugumu lakini hayashindi chuma cha valvu, na chembe ikisalia itaungua. Mchanga, ambao wapo wanaoudhania kuwa mbadala wa bei nafuu, hauungui. Utakwangua kuta za silinda. Asiye na mashine hulowesha gamba kwa dawa ya kabureta, akasugua kwa brashi na kufyonza. Inachosha, ila valvu hutakata. Dawa iliyopenya huteremka na kuizimua oili, kwa hiyo oili nayo ibadilishwe.

EGR na valvu ya PCV, inayorudisha ule mvuke wa oili, zikiachwa chafu, gamba litaanza upya gari likitoka getini. Toyota wenyewe walipita njia nyingine: mwaka 2005, injini ya 2GR-FSE ya Lexus ilikuja na D-4S, nozeli mbili kwa kila silinda, moja ndani na nyingine nyuma ya valvu, petroli ikarudi kuziosha.