Chembe, Tone na Bandu: Maneno ya Udogo katika Kimvita na katika Kamusi

Ni desturi ya kamusi za Kiswahili kuyafafanua maneno ya udogo kwa kuyarudisha moja kwa jingine. Chembe huelezwa kwa punje, punje huelezwa kwa chembe, na yote mawili mwisho wake ni "kitu kidogo sana". Msomaji hutoka na dhana kwamba lugha imejilimbikizia visawe vingi pasipo haja. Dhana hiyo ina kosa, na chanzo cha kosa chaonekana wazi: watungaji wa kamusi huyapima maneno haya zaidi katika sentensi za kukanusha.

Katika ukanushi tofauti zake hufifia. Asemaye "hana chembe ya haya", "hana hata tone la huruma" au "sina hata ndururu" hakusudii nafaka, wala kioevu, wala ile sarafu ya senti tano iliyokwisha kutoka mikononi mwa watu. Akusudia utupu tu. Lakini sentensi ikiwa ya kukubali, kila neno hurudi katika mipaka yake. Hapana msemaji wa Likoni wala wa Kisauni atakayeomba "tone la mchele" au "punje ya siki".

Mipaka hiyo haitokani na ukubwa wa kitu, bali na namna udogo wake ulivyopatikana. Tone latokana na kitenzi tona: ni kile kilichodondoka. Mego latokana na mega: ni kile kilichokatwa kwa vidole kutoka katika kitu laini, kama mkate au ugali. Bandu latokana na bandua: ni kile kilichotoka kwa shoka au kwa kucha, na ndiyo maana methali husema kuwa bandu bandu huisha gogo. Chenga nalo lina kitenzi cha kukata nyuma yake: ni mchele uliovunjika. Punje, kwa upande mwingine, haikuvunjwa na mtu. Imeumbwa ndogo nayo ni nzima. Mnunuzi wa soko la Kongowea aliyelipia mchele mzima akapimiwa chenga ataona kuwa amepunjwa, ijapokuwa mizani haikusema uongo. Fafanuzi isemayo kwamba vyote viwili ni "vitu vidogo" haiwezi kueleza hasira ya mnunuzi huyo.

Historia ya neno chembe lenyewe yastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Palipo na ch katika maneno mengi ya Kiunguja, Kimvita kina t: mtele, mtanga, matozi, kuteka. Kwa kanuni hiyo hiyo chembe ya Unguja ni tembe ya Mombasa. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, alikusanya msamiati wake zaidi Mombasa na Rabai. Kwa hiyo kamusi kubwa ya kwanza ya Kiswahili ilisimama juu ya Kimvita. Mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa yenyewe, ndio uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 iliufuata uamuzi huo, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ikauthibitisha. Chembe ikawa neno sanifu. Tembe ikabaki lahaja. Hata hivyo maneno yote mawili yaliendelea kuishi, kila moja kwa njia yake. Chembe iliingia katika sayansi, hata leo huzungumzwa chembechembe za damu. Tembe nayo, inavyoelekea, ilirudi kwa mlango wa hospitali, kwa maana ya dawa ya kumeza. Mtu wa Changamwe asomaye "meza tembe mbili" asoma neno la babu zake, ila limevishwa maana mpya.

Vipimo vya mkono navyo havikutendewa haki. Chopa ni kiasi kinachochukuliwa kwa ncha za vidole. Konzi ni kinachojaa katika mkono uliofumbwa. Ukufi ni kinachokaa juu ya kiganja kilicho wazi. Hii ni taratibu kamili, yenye daraja zake, inayokwenda hadi kibaba, ambacho ni robo ya pishi. Methali ya "haba na haba hujaza kibaba" ni ya taratibu hiyo, kwa kuwa haba yatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya punje. Wengi huisoma leo kama sifa tu, yaani uchache, na kwa kufanya hivyo huipotezea methali nusu ya picha yake: punje baada ya punje, mpaka kipimo kikajaa.

Limebaki suala la kiambishi ka-, ambalo wanasarufi wa Kiswahili sanifu hupenda kulifukuza haraka. Likoni imepakana na Wadigo, na Kisauni wanaishi Wamijikenda wengi. Lugha zao hutumia ka- kwa udogo. Changamwe, kwa sababu ya reli na viwanda, ilipokea wafanyakazi kutoka bara ambao lugha zao, kama vile Kikamba na Kikuyu, zina ka- vilevile. Kuliita jambo hili uharibifu ni kulikwepa. Ki- ya udogo ina kazi nyingi tayari: kitoto chaweza kuwa kichanga, chaweza pia kuwa cha kudharauliwa, na kidogo limekwisha kuwa kielezi. Kadogo limepata nafasi iliyokuwa wazi, yaani kiasi kile hasa kinachouzwa kwa mwenye fedha chache, kama vile mafuta au sukari ya siku moja.

Hapa pana badiliko ambalo mtungaji wa kamusi hana budi kuliandika pamoja na mfano wa nomino inayofuatana na kila neno: chopa la chumvi, ukufi wa unga, bandu la ukuni. Dukani mnunuzi huomba "sukari ya kumi". Kiasi chenyewe hakina jina, na shilingi zikipungua thamani, sukari hupungua nayo, ilhali anayeomba hajabadili neno hata moja.