Je, Wapendanao Hawana Budi Kupenda Muziki Mmoja? Uhakiki wa Hoja ya Wanafunzi Wetu

Utangulizi

Katika jaribio la somo la Fasihi Simulizi tuliwapa wanafunzi wetu kauli ifuatayo waijadili: wapendanao hawana budi kupenda muziki wa aina moja. Nia yetu ilikuwa kuona kama wataweza kuzihakiki nyimbo kwa kutumia vipengele vya fani na maudhui walivyofundishwa darasani. Majibu yao yalituonyesha jambo jingine. Wengi waliikubali kauli hiyo bila kuipinga, na mmoja wao, binti aliyekulia katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, aliandika kwamba yuko karibu kuvunja uchumba kwa sababu hiyo. Mchumba wake alikulia Khartoum. Bongo Fleva ikianza kupigwa redioni, kijana huomba redio izimwe. Kijana naye akiweka nyimbo za Kisudani, binti haoni ndani yake ila kilio kirefu kisichokwisha. Binti alihitimisha kuwa watu wasiopatana juu ya redio hawawezi kupatana juu ya watoto.

Insha ile ilikuwa nzuri kwa lugha, nasi tuliipa alama iliyostahili. Hata hivyo hoja yake haikuturidhisha. Kwa kuwa tuliikuta pia katika insha za wenzake, tumeona inafaa tuijibu katika jarida hili la idara, na mwenye insha ameturidhia tuitaje bila jina. Dai letu ni kwamba ladha ya muziki humweleza mtu alikopita, wala haituambii kama anafaa kuwa mume au mke. Linalopima uhusiano ni kama kila mmoja yuko tayari kuelewa wimbo wa mwenzake unasema nini.

Ladha hutoka wapi?

Hoja ya kwanza ya wanafunzi ni kwamba muziki humfunua mtu tabia yake: anayependa nyimbo za upole ni mpole, na anayependa za kelele ni mgomvi. Hoja hii tunaikataa. Mwanasosholojia wa Ufaransa, Pierre Bourdieu, katika kitabu chake La Distinction cha mwaka 1979, alionyesha kwamba ladha ambazo mtu hudhani amezichagua mwenyewe hufuata malezi, elimu na tabaka lake, na kwamba muziki ni miongoni mwa mambo yanayomtambulisha mtu kitabaka kwa uwazi zaidi. Kwa maneno mengine, ladha ni alama ya mahali mtu alipolelewa.

Hapa Juba hatuhitaji kwenda Ufaransa kulithibitisha hili. Vita vya mwaka 1983 hadi 2005 vilizitawanya familia zetu kwa njia tofauti. Wengine walikwenda kaskazini, na hata Chuo Kikuu cha Juba kilihamishiwa Khartoum wakati huo wa vita. Hao walikua wakisikiliza nyimbo za akina Mohammed Wardi, zenye mizani ya sauti tano na maneno ya Kiarabu. Wengine walivuka kwenda Kenya, ambako kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, wakarudi na Kiswahili na nyimbo zake. Wengine walikwenda Uganda, na wengine Kongo wakajifunza kucheza nyimbo za Kilingala. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, na hasa baada ya uhuru wa mwaka 2011, watu hawa wote walikutana katika mitaa ya Munuki na Gudele, kila mmoja na kaseti zake na baadaye simu yake. Vita vilivyozuka Khartoum mwezi wa Aprili 2023 vimewarudisha wengine wengi.

Sasa tuitazame kanuni ya wanafunzi wetu kwa mwanga huu. Ikiwa kila mtu atamtafuta mwenzi anayependa muziki anaoupenda yeye, basi wa Kakuma ataoa wa Kakuma, wa Khartoum ataolewa na wa Khartoum, na wa Kampala vivyo hivyo. Kijana atadhani amefuata moyo wake, kumbe amefuata barabara ambayo wazazi wake waliikimbilia. Hatuoni kwa nini vita vilivyotutenganisha vipewe pia kazi ya kutuchagulia wake na waume.

Wimbo mmoja, masikio mawili

Hoja ya pili ni kwamba wanaopenda wimbo mmoja wana mawazo mamoja. Hapa wanafunzi wetu wametusikitisha kidogo, maana fasihi simulizi ndiyo inayofundisha kinyume chake. Maana ya wimbo haikai ndani ya wimbo peke yake. Hutegemea nani anauimba, mbele ya nani, na kwa sababu gani.

Mfano ulio wazi ni taarab. Tangu zama za Siti binti Saad, aliyerekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, taarab imesifika kwa mafumbo. Katika miaka ya 1990 vikundi vya Tanzania kama East African Melody na Tanzania One Theatre viliyasogeza mafumbo hayo hadi kwenye mipasho ya wazi zaidi. Aliyewahi kuhudhuria onyesho la taarab anajua desturi ya kumtunza mwimbaji. Mwanamke huinuka kitini, huenda jukwaani akicheza taratibu, na kutoa fedha yake penye beti linalomgusa. Wanaomtazama huelewa ni nani anapelekewa ujumbe. Inawezekana kabisa wake wawili wa mume mmoja, au majirani wawili wasiosalimiana, wakaupenda wimbo huohuo, wakaununua wote wawili na kuupiga kwa sauti kubwa kila asubuhi. Ladha yao ni moja, na ladha hiyo ndiyo silaha yao. Anayedai kuwa kupenda wimbo mmoja ni dalili ya mapatano na aeleze mapatano ya wawili hawa.

Mfano wa pili ni wimbo "Malaika", ambao Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambao umegombaniwa sana kuhusu nani hasa aliyeutunga. Miriam Makeba aliufikisha duniani kote, na kundi la Boney M nalo liliurekodi. Wimbo huu hupigwa harusini, watu wakashikana mikono na kutabasamu. Lakini ukiusoma kama tunavyosoma shairi, utaona kwamba unasimulia ndoa iliyoshindikana: kijana anampenda msichana na angetaka kumwoa, ila hana mali. Hapa kwetu, ambako mahari ya ng'ombe huwafanya vijana wengi kungoja miaka, maudhui hayo si ya kufikirika. Bwana harusi aliyekopa ng'ombe kwa wajomba zake anaweza kuusikia wimbo huo kwa uchungu, huku bibi harusi akisikia mahadhi matamu tu. Wote wawili wataapa kuwa wanaupenda. Kila mmoja anaupenda wake.

Mfano wa tatu unachekesha kidogo. Wimbo "Mario" wa Franco na T.P. O.K. Jazz, wa mwaka 1985, umechezwa Afrika Mashariki nzima na watu wasiojua neno la Kilingala. Unahusu kijana msomi anayetunzwa na mwanamke mtu mzima mwenye mali, hadi mwanamke anachoka naye. Tunawafahamu wanandoa waliocheza wimbo huo kwa furaha miaka mingi kabla ya kuambiwa unasema nini. Waliposhirikiana ladha hawakuwa wameshirikiana maana, na hawakupungukiwa na kitu.

Mapokeo yetu yanasema nini?

Wapo watakaosema kuwa haya yote ni ya mijini. Basi turudi nyumbani. Francis Mading Deng, katika kitabu chake juu ya Wadinka na nyimbo zao kilichochapishwa mwaka 1973, ameeleza jinsi kijana anavyoimba nyimbo juu ya maksai wake, na kwa njia hiyo kujitambulisha yeye, ukoo wake, fahari yake na hata malalamiko yake. Wimbo una mwenyewe, hata kama fundi mwingine ndiye aliyemsaidia kuutunga. Anayeusikiliza haulizwi kama mahadhi hayo ni ya aina anayoipenda. Anachotakiwa ni kusikia huyu ni nani, ametoka kwa nani, na anajidai kwa lipi. Huko, wimbo wa mtu ni habari zake, na habari za mtu husikilizwa kwanza.

Kwa kipimo hiki, kijana wa Khartoum anayeweka wimbo wa Wardi mbele ya mchumba wake anajieleza. Pengine ndio uliokuwa ukipigwa nyumbani kwao mama yake alipokuwa hai, au ndio alioujua kabla ya kujua kuwa yeye ni mkimbizi. Binti anayeweka Bongo Fleva naye anamweleza mwenzake alivyokua Kakuma, na ni lugha gani aliyochekea kwanza na marafiki zake. Wanaozima redio wanakatizana katikati ya hadithi.

Ukweli ulio katika hoja ya wanafunzi

Uhakiki wa haki hautupi hoja nzima. Tunakubali kuwa katika nyumba ya chumba kimoja yenye redio moja, muziki usioupenda unaosikika kutwa nzima ni mateso, na mateso madogo ya kila siku huchosha ndoa kuliko ugomvi mkubwa wa mara moja. Tunakubali pia kuwa wengi hapa Juba wamekutana katika kwaya za makanisa, na ndoa zao zimedumu. Lakini tuitazame kwaya kwa makini. Wanaoimba pamoja hawaimbi sauti moja. Mmoja yuko sauti ya kwanza, mwingine besi, na kazi ya kila mmoja ni kumsikiliza mwenzake ili asimfunike wala asiachwe nyuma. Kama kwaya imewafunza jambo la ndoa, ni hilo la kusikilizana.

Tena kuna mfano wa hapa kwetu ambao wanafunzi wangepaswa kuukumbuka. Mwaka 2005, mwaka uleule wa mkataba wa amani, Emmanuel Jal wa kusini, aliyewahi kuwa askari mtoto, na Abdel Gadir Salim, mwanamuziki wa Kordofan, walitoa albamu moja iitwayo Ceasefire, yaani kusitisha mapigano. Mmoja ni wa rapu, mwingine ni mkongwe wa udi na nyimbo za kaskazini. Ladha zao hazikufanana, umri wao haukufanana, na watu wao walikuwa wametoka kupigana. Hatudai kuwa albamu ilileta amani. Tunachosema ni kwamba watu wawili wanaweza kukaa katika kazi moja bila yeyote kuacha muziki wake.

Hitimisho

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ladha ya muziki ni mlango. Mlango unaofanana na wa kwenu hukuvutia upesi, lakini haukuambii chumbani kuna nini. Tunawashauri wanafunzi wetu, kabla ya kumkataa mtu kwa sababu ya nyimbo zake, wamwombe awatafsirie wimbo mmoja, mstari kwa mstari, na awaeleze aliusikia lini kwa mara ya kwanza na alikuwa na nani. Akikataa kueleza, au nawe ukikataa kusikiliza, hapo uchumba una jambo la kujadiliwa, na jambo lenyewe si muziki.

Binti mwenye insha tulimpa zoezi hilohilo: autafsiri kwa Kiswahili wimbo mmoja wa mchumba wake, kwa msaada wa mchumba mwenyewe, maana Kiarabu cha kitabuni hakijui vizuri. Hadi tunakwenda mitamboni alikuwa ameleta beti mbili, na ameomba aongezewe muda. Tumemwongezea. Wasomaji wenye maoni tofauti na haya yetu wanakaribishwa kuyaleta katika ofisi ya idara, kwa Kiswahili sanifu, ili yachapishwe katika toleo lijalo.