Msondo au Sikinde: Ubishi wa Mashabiki na Kazi ya Mhakiki

Wakutanapo watu waliokuwa vijana katika miaka ya 1970 na 1980, nao ni wapenzi wa muziki wa dansi wa Kiswahili, haupiti muda mrefu kabla ya kuzuka ubishi. Mmoja atasema kwamba haijapata kutokea bendi kama Msondo. Wa pili atamjibu kwamba Msondo ilikwisha siku ilipozaliwa Sikinde. Wa tatu, akiwa ni mtu wa Bukavu au Bujumbura, atawacheka wote wawili na kuwataka wasiisahau Maquis. Na akiwapo aliyekulia Nairobi, atataja Simba Wanyika na Les Wanyika. Chai itapoa, jua litakuchwa, na hapana atakayekubali kushindwa.

Wasomi wengi huyaona mazungumzo ya namna hii kuwa ni porojo za kupitisha wakati. Makala haya yanashika msimamo mwingine. Nia yake ni kuonyesha kwamba ubishi wa mashabiki ni uhakiki kamili, tena ni uhakiki wa sanaa ya Kiswahili unaofanywa na watu wengi kuliko ule wa madarasani. Hata hivyo ni uhakiki wenye kasoro mbili. Ya kwanza inaudhoofisha wenyewe. Ya pili inatugusa sisi tunaofundisha lugha hii katika nchi zinazopakana na Tanzania, na wanafunzi wetu pia.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba ushindani si jambo geni katika sanaa ya Waswahili. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, na kila upande ulikuwa na watu wake wa kuushangilia. Katika karne ya 20 vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilishindana katika miji ya pwani na kuenea hadi bara. Vikundi vya taarabu navyo vimeshindana miaka nenda miaka rudi. Basi msikilizaji wa Kiswahili amezoea tangu zamani kuisikia kazi ya sanaa ikiwa imesimama mbele ya mpinzani wake, na kuipima kwa kuilinganisha. Ubishi wa bendi ni mtoto wa ukoo huo.

Ubishi huo una fadhila zake. Shabiki anaujua wimbo kwa moyo, ubeti kwa ubeti. Anajua nani aliimba sauti ya kwanza na nani alimwitikia; anajua gitaa la solo linapoingia na mahali ambapo saksafoni hushika usemi. Zaidi ya hayo, shabiki hasemi peke yake. Mbele yake yupo mtu mwenye masikio kama yake, aliye tayari kumkanusha mara tu akitia chumvi. Ni wanafunzi wangapi wa vidato vya juu wanaoijua tamthilia waliyoandikiwa mtihani kwa kiasi hicho? Wengi wao huhakiki kitabu kwa kukariri maneno ya mhakiki mwingine. Shabiki, kwa upande wake, huhakiki alichokisikia kwa masikio yake.

Sasa tuitazame kasoro ya kwanza. Shabiki huhukumu kwa jina la bendi. Husema Msondo imesema hivi, Sikinde imefanya vile, kana kwamba kila jina ni mtu mmoja mwenye roho moja tangu kuzaliwa. Historia haimuungi mkono. Bendi ya NUTA iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika, nayo ikabadilika jina: ikaitwa JUWATA, halafu OTTU, na leo inajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, na miongoni mwa walioijenga walikuwamo watu waliotoka upande huo huo wa Msondo, akiwemo Muhidin Maalim Gurumo. Mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, na mtindo wake wa Sikinde ukavuma. Miaka miwili baadaye, yaani 1985, Gurumo na baadhi ya wenzake wakahamia Orchestra Safari Sound. Kisha akarudi Msondo. Hassan Rehani Bitchuka naye amesikika pande zote mbili. Michael Enoch, nguzo ya Mlimani, alikuwa amekwisha kujipatia jina katika Dar es Salaam Jazz.

Kisa cha kuhamahama huko ni rahisi kukieleza. Bendi nyingi za Tanzania za wakati ule zilikuwa mali ya vyama, mashirika, viwanda na majeshi. Magitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki alikuwa na sauti yake na vidole vyake tu. Alipoona maslahi bora mahali pengine aliondoka, lakini jina, vyombo na ukumbi vikabaki. Ndiyo sababu bendi iliweza kuishi kuliko watu wake, na ndiyo sababu shabiki aliishikilia kama anavyoishikilia timu ya mpira: wachezaji huja na kuondoka, jezi haibadiliki.

Lakini sanaa si jezi. Ikiwa sauti ile ile iliimba Msondo, ikaimba Sikinde, kisha ikaimba tena Msondo, shabiki anapenda nini hasa anaposema anaipenda bendi? Nadhani anapenda namna ya kuujenga wimbo. Utunzi wa nyimbo hizi ulikuwa kazi ya pamoja. Mmoja alileta maneno na njia ya kuyaimba. Wapiga magitaa na wapulizaji wakatafuta nafasi zao mpaka wimbo ukakamilika. Aghalabu wimbo huwa na sehemu mbili. Katika ya kwanza, mwendo ni wa taratibu, na kisa husimuliwa au hoja hutolewa. Katika ya pili mwendo huchangamka, maneno hupungua, kiitikio hurudiwa, na magitaa ndiyo yanayosema.

Ukiwasikiliza wabishi kwa makini utagundua kwamba aghalabu huyu husifu maneno ya sehemu ya kwanza, na yule husifu mchezo wa sehemu ya pili. Wanapima kitambaa na sukari kwa mzani mmoja. Kwa hiyo ubishi hauwezi kwisha, si kwa sababu hoja ni nzito, bali kwa sababu hawajakubaliana wanabishania nini. Hapa ndipo mwalimu wa fasihi anapoweza kuwafaa. Kazi yake si kutoa hukumu ya nani mshindi. Kazi yake ni kuuliza: wimbo gani, sehemu gani, kwa kipimo gani?

Hebu tuchukue mfano mmoja. Wimbo wa "Sina Makosa" ulitoka kwa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika, ambayo asili yake ni ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga. Shabiki akiulizwa kwa nini wimbo huu ni mzuri, atajibu kwamba gitaa lake halina mfano. Ni kweli. Lakini tazama pia fani ya maneno yake. Mwanamume anamkabili mwanamume mwenzake aliyejaa hasira, naye anajitetea kwamba hana kosa. Wimbo mzima ni upande mmoja wa mazungumzo. Mwenye hasira hasemi hata neno moja. Tunamjua kwa yale tu anayojibiwa. Msikilizaji anawekwa katika kiti cha hakimu aliyesikia utetezi kabla ya mashtaka. Je, huyu kweli hana makosa? Wimbo haujibu. Na kwa kuwa haujibu, watu wamebaki kuuliza kwa zaidi ya miaka arobaini, huku wakicheza.

Mwalimu akiufikisha wimbo huo darasani, ataweza kufundisha nafsi ya msemaji, ataweza kufundisha kejeli, na ataweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika maneno ya yule asiyesikika. Hayo yote yamo katika wimbo ambao mashabiki wanaujua tayari. Kilichokosekana ni swali tu.

Naja sasa kwenye kasoro ya pili, ambayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mara nyingi katika ubishi huu, hoja zinapokwisha, hutolewa silaha ya mwisho: "Hao ni Wakongo, Kiswahili chao si Kiswahili." Kwa neno hilo Maquis hutupwa nje ya ulingo, na Remmy Ongala pamoja nao. Mwanafunzi wa Uvira, wa Goma au wa Bujumbura akilisikia, huelewa kwamba lugha aliyonyonya kwa mama yake haina haki ya kuhesabiwa. Hatasema kitu. Lakini siku inayofuata, mwalimu atakapouliza swali, hatanyosha mkono.

Hoja hiyo haina msingi. Maquis ni bendi yenye asili ya Katanga. Ilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikakaa, ikaimba, ikawafunza wengine na yenyewe ikajifunza. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Alipofariki mwaka 2010 aliliwa na mji mzima. Mpaka leo kipo kituo cha basi katika jiji hilo kiitwacho Sinza kwa Remmy. Watu wa jiji ambamo Kiswahili kipo nyumbani waliona mtu huyu anastahili kuwa jina la mahali. Shabiki wa mezani ana mamlaka gani ya kumnyang'anya lugha?

Tena tusimtetee kwa huruma. Tumtetee kwa kazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa ukiua na watu wazima wakiona haya kuusema, alitunga wimbo wa "Mambo kwa Soksi". Redio ya taifa haikukubali kuupiga, lakini watu waliusikia kumbini na katika kanda. Chunguza jina lake peke yake. Soksi ni neno la mkopo, la vazi la kila siku, linalojulikana na mtoto wa shule. Hapa linasimama mahali pa kitu ambacho ulimi wa heshima ulishindwa kukitaja. Hiyo ni tafsida. Neno "kwa" ni lile la kifaa, kama tusemavyo kula kwa kijiko. Kitenzi hakimo kabisa, na kukosekana kwake ndiko kunakolipa jina hilo nguvu ya amri na ya mzaha kwa pamoja. Aliyeweza kuyabana yote hayo katika maneno matatu hakuwa mgeni katika Kiswahili.

Hapana budi nitahadharishe jambo moja, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kila lahaja ifundishwe katika somo la sarufi, wala kwamba mwanafunzi aandike mtihani kwa lugha ya mtaani kwao. Kiswahili sanifu kina kazi yake, na sisi tumeajiriwa kukifundisha. Nisemalo ni kwamba usanifu ni kipimo cha maandishi rasmi, si kipimo cha sanaa. Shairi la Kiamu halihukumiwi kwa kutokuwa la Kiunguja. Kwa nini basi wimbo wa mtu wa Kindu au Lubumbashi uhukumiwe kwa namna hiyo? Wala tusiende upande wa pili tukasifu kila kitu kwa kuwa ni cha kwetu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Zipo nyimbo za Maquis zilizo nyepesi kwa maneno, na zipo za Sikinde na za Msondo za namna hiyo hiyo. Mwalimu aseme hivyo bila kuogopa kambi yoyote.

Lipo na suala la wakati. Nyimbo nyingi za miaka ile zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, na usifunguliwe mpaka 1983, njia ya kuzifikisha Nairobi kutiwa katika santuri ilikuwa ngumu. Matokeo yake ni kwamba nyimbo kadha wa kadha hazikupata kuwa bidhaa ya kununuliwa wakati wake. Ziliishi hewani na katika vichwa vya wasikilizaji. Maneno yake mengi hayajaandikwa vizuri mpaka leo; hata wabishi wenyewe hutofautiana juu ya neno hili au lile. Nao waliokuwa na miaka ishirini wakati ule sasa wana sabini.

Kwa hiyo napendekeza kwa walimu wenzangu kazi isiyohitaji fedha. Kila mwanafunzi amtafute mzee mmoja mpenda muziki, amwombe wimbo mmoja aupendao, auandike maneno yake yote kama alivyosikia, pamoja na matamshi ya mahali pake. Darasani maandishi mawili ya wimbo mmoja yawekwe pamoja na kulinganishwa. Kisha waulizwe maswali matatu: nani anasema katika wimbo, anamwambia nani, na neno gani lisingeweza kuondolewa? Baada ya hapo wabishane wapendavyo, Msondo, Sikinde au Maquis. Sharti liwe moja: asiyeweza kuonyesha mstari anaoutetea, anyamaze mpaka aupate, na asiyekuwa na hoja ila kabila au nchi ya mwimbaji, asipewe zamu ya kusema.