Rock Steady Crew: kundi lilijengwa kabla ya kamera

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, wengi wa vijana walioianzisha brekidansi huko Bronx, New York, walikuwa wameshaiacha. Vijana weusi waliokuwa wakijaza madisko ya DJ Kool Herc, yaliyoanza tarehe 11 Agosti 1973 katika jengo la 1520 Sedgwick Avenue, walikuwa wamekua, na kujitupa sakafuni wakakuona kumepitwa na wakati. Walioendelea nako ni wadogo zao, wengi wao wa asili ya Puerto Rico, nao walikuwa wametawanyika mitaani. Kundi la Rock Steady Crew, lililoanzishwa na Jimmy D na Jojo mwaka 1977, lingeweza kufia hapo. Mwaka 1983 kundi hilohilo lilitumbuiza mbele ya Malkia Elizabeth wa Uingereza.

Watu wakieleza jinsi lilivyopanda, sifa zote huwa wanazipa filamu. Mimi naamini kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika kabla mtu yeyote hajaleta kamera.

Kazi hiyo aliifanya zaidi Richard Colón, maarufu kwa jina la Crazy Legs. Alihama Bronx akaenda kuishi Manhattan, mbali na wenzake, na Jimmy D alimwachia uongozi akiwa bado kijana mdogo. Namna yake ya kutafuta watu ilikuwa kutafuta wapinzani. Akisikia kuna kijana anayecheza mtaa fulani, alimfuata wakapambana. Aliyeonyesha kitu aliingizwa kundini. Kuingia Rock Steady kulikuwa kwa kupambana na aliyekwisha kuwamo.

Utaratibu huu nauheshimu sana, maana ndio uliotengeneza ubora. Ukifanya mazoezi peke yako unapata wepesi wa kurudia unachokijua. Ukipambana, mwenzako anakutupia kitu ambacho hukukitarajia, na inakubidi umjibu hapohapo, kwa mdundo uleule. Kwa hiyo kila aliyepita kwenye mchujo huo aliingia na fani yake. Ken Swift alikuwa bingwa wa stepu za chini: mkono mmoja umebeba mwili, miguu inazunguka duara safi, kila hatua inaangukia pigo la ngoma. Frosty Freeze alikuwa mtu wa kuthubutu. Alijirusha kwa sarakasi akaangukia mgongo, kifo cha kuigiza kilichowaacha watu midomo wazi. Crazy Legs mwenyewe alikuwa wa mizunguko. Kundi la mtaani likapata mgawanyo wa kazi ambao makundi mengi ya leo bado yanauhangaikia.

Tendo linalohusishwa na Crazy Legs kuliko yote ni windimili. Kabla yake madansa walijua kuzunguka kwa mgongo: unalala, unajisukuma, unakunja magoti kifuani, na kadiri mwili unavyojikusanya ndivyo kasi inavyoongezeka, kama pia. Lakini mzunguko huo una mwisho. Msuguano wa sakafu unakula nguvu uliyoanza nayo, na huna namna ya kuongeza nyingine. Windimili ilitatua tatizo hilo. Badala ya kukunja miguu, unaitandaza kwa upana, kisha unaipiga kama mjeledi. Uzito wa miguu unauvuta mwili: kutoka mgongoni unapita bega moja, unabingirika kifudifudi, kiwiko kinaingia chini ya tumbo na kuunyanyua mwili sekunde moja, halafu unashukia bega la pili na kurudi mgongoni. Kila duara linaleta msukumo mpya, kwa hiyo dansa anaweza kuendelea mpaka achoke. Siri iko kwenye nyonga: zikishuka sakafuni, mzunguko umekufa. Wanaojifunza wengi wanadhani tatizo lao ni mikono, kumbe ni nyonga.

Hata hivyo windimili peke yake isingetosha. Kilichowafaa zaidi ni mpangilio wa raundi. Herc alikuwa amekwisha kutumia santuri mbili za wimbo mmoja kurefusha kile kipande ambacho sauti zinanyamaza na ngoma zinabaki, kama kilivyo katika "Apache" ya Incredible Bongo Band. Ndani ya kipande hicho dansa wa Rock Steady aliingia kwa stepu za kusimama, akashuka, akazunguka, akaganda ghafla katika mkao ambao hakuna aliyeutarajia. Hawakubuni wao kila hatua ya safari hiyo. Waliisafisha mpaka mtu asiyejua chochote kuhusu densi akaweza kuifuata.

Usafi huo ndio uliowapa faida kamera zilipofika. Mwaka 1981 mpigapicha Henry Chalfant, aliyekuwa akikusanya picha za michoro ya treni za New York, alikutana nao na kuanza kuwatafutia majukwaa. Aprili mwaka huo gazeti la Village Voice lilichapa makala ya Sally Banes yenye picha za Martha Cooper, na Frosty Freeze akawa kwenye ukurasa wa mbele. Mkao wa kuganda unapigika picha kuliko hatua nyingine yoyote. Agosti wakapambana na Dynamic Rockers wa Queens katika viwanja vya Lincoln Center, mahali ambapo kwa kawaida ni pa opera na baleti. Mashindano ya mitaa miwili yakawa habari ya jiji.

Mengine yalikwenda haraka: ziara ya Ulaya mwaka 1982, kisha filamu ya Flashdance mwaka 1983, ambamo wanaonekana kwa muda mfupi tu. Humohumo, katika onyesho la mwisho, anayezunguka kwa mgongo badala ya Jennifer Beals ni Crazy Legs.

Hapo ndipo naona hasara pia. Filamu ilisambaza mizunguko dunia nzima bila kusambaza mapambano yaliyoizaa. Watoto wa mabara yote walijifunza windimili ileile, na baada ya miaka michache soko likaichoka. Crazy Legs amefanya kazi ya kurekebisha hilo kwa kwenda mwenyewe kufundisha. Filamu ya Bouncing Cats ya mwaka 2010 inamwonyesha Uganda, alikoalikwa na Abramz Tekya, mwanzilishi wa Breakdance Project Uganda, mradi unaofundisha vijana bila malipo. Na brekidansi ilipoingia Olimpiki ya Paris mwaka 2024, waamuzi walipima mambo matano kwa uzito sawa, ubunifu wa dansa mwenyewe ukiwa mojawapo. Anayeleta windimili ya kuiga, hata iwe safi namna gani, anaanza raundi akiwa na pengo katika moja ya tano.