Mapenzi na Mamlaka katika Zenana: Nur Jahan wa Indu Sundaresan

Riwaya ya kihistoria ina tatizo ambalo riwaya nyingine hazina: msomaji aweza kuujua mwisho wake kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Anayeishika mkononi The Twentieth Wife, riwaya ya Indu Sundaresan iliyochapishwa mwaka 2002, aweza kujua kutoka kitabu chochote cha historia ya Uhindi kwamba Mehrunnisa ataolewa na mfalme Jahangir mwaka 1611, kwamba ataitwa Nur Jahan, na kwamba sarafu zitapigwa chapa zikiwa na jina lake. Taharuki basi haiwezi kutokana na swali la nini kitatokea. Linalobaki ni swali la kwa nini, na ni katika kulijibu ndipo mtunzi wa riwaya ya aina hii hudhihirisha mtazamo wake wa historia, hata kama hakukusudia kuwa nao. Makala haya yanadai kwamba jibu la Sundaresan ni mapenzi, kwamba jibu hilo linampunguza mhusika wake mkuu, na kwamba kurasa bora za riwaya yake ni zile zinazolipinga.

Msingi wa kihistoria wa kisa hiki ni madhubuti. Mehrunnisa alizaliwa mwaka 1577 karibu na Kandahar, wazazi wake wakiwa safarini kutoka Uajemi kwenda kutafuta riziki katika utawala wa Akbar. Mwaka 1594 aliolewa na Ali Quli, askari aliyekuja kupewa lakabu ya Sher Afgan. Mwaka 1607 Ali Quli alimuua Qutbuddin Koka, liwali wa Bengal na ndugu wa kunyonya wa mfalme, naye akauawa papo hapo. Mjane akachukuliwa pamoja na binti yake hadi Agra, akakaa katika zenana, yaani makao ya wanawake wa kasri, kwa miaka minne. Alipoolewa na Jahangir alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Kati ya matukio haya mna pengo. Jahangir aliandika kumbukumbu za utawala wake kwa mkono wake, na ni mtu asiyechoka kueleza: ndege, matunda, mawindo, magonjwa, zawadi. Hata hivyo hakusimulia ndoa yake na mwanamke aliyekuja kuwa mashuhuri kuliko wake zake wote. Anapoanza kumtaja, anamtaja kama muuguzi wake, na baadaye kama mlengaji: mwaka 1617 anasimulia kwa fahari jinsi Nur Jahan, akiwa juu ya ndovu, alivyowaua chui milia wanne kwa risasi sita. Habari za penzi la tangu ujanani hazimo. Hizo zilienezwa na wengine, wakiwemo waandishi wa Ulaya na wanahistoria wa vizazi vilivyofuata, na baada yao wasimulizi wa mitaani na watengenezaji wa filamu.

Sundaresan amelijaza pengo hili kwa kurudi nyuma. Katika riwaya yake, Mehrunnisa ana umri wa miaka minane anapomwona Salim, ambaye baadaye ataitwa Jahangir, siku ya harusi ya kwanza ya mwanamfalme huyo. Hapo ndipo anapoazimia kwamba siku moja ataolewa naye. Msuko wote unategemea azimio hili. Ndoa na Ali Quli inakuwa kizuizi, mimba zinazoharibika zinakuwa subira, na kifo cha mume kinakuwa, mtu akithubutu kusema, ufumbuzi. Wakati umegeuzwa kuwa njia moja iliyonyooka, na mwishoni mwake mna arusi. Hata umbo la kitabu linashadidia jambo hili, kwa maana riwaya inakoma mwaka 1611, mahali ambapo maisha ya kisiasa ya mwanamke huyu ndiyo kwanza yanaanza. Mambo ya utawala yameachiwa kitabu cha pili, The Feast of Roses, kilichotolewa mwaka 2003.

Kuna mbinu ya kifani inayostahili kutajwa hapa. Kila sura inatanguliwa na dondoo kutoka maandishi ya kihistoria, kisha usimulizi maizi wa nafsi ya tatu unashika hatamu na kuingia moyoni mwa wahusika. Dondoo linampa msomaji imani, nao usimulizi unaitumia imani hiyo pasipo kuomba ruhusa. Si hila mbaya, kwani ndiyo ada ya utanzu huu, na mtunzi ni mwaminifu kiasi cha kueleza mwishoni mwa kitabu wapi historia inamwishia. Ila maelezo ya mwishoni husomwa na wachache, tena baada ya imani kwisha kujengeka.

Ubora wa riwaya hii uko kwingine. Uko ndani ya zenana, na hasa katika usawiri wa Ruqayya, mke mkuu wa Akbar. Tukio la kuchukuliwa kwa Khurram lafaa kusomwa kwa makini. Khurram, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Shah Jahan, alizaliwa mwaka 1592 na Jagat Gosini, mmojawapo wa wake za Salim. Kama historia inavyoshuhudia, mtoto huyo alitwaliwa akiwa mchanga akalelewa na Ruqayya, ambaye hakuwa na mtoto wake mwenyewe. Sundaresan analitumia tukio hili kama chemchemi ya uhasama kati ya Jagat Gosini na Mehrunnisa, aliyekuwa kipenzi cha Ruqayya. Msomaji aliyezoea hadithi za mitara atauona uhasama huo kuwa ni wivu tu, na ni kweli kwamba mara nyingi mno riwaya inamruhusu auone hivyo. Lakini tukio lenyewe linasema zaidi. Mama anayenyang'anywa mwana katika kasri ya namna hii ananyang'anywa pia mkono wake juu ya kiti cha enzi cha kesho, na bibi anayempokea mtoto anajiwekea akiba ya miaka hamsini. Hapa hakuna mapenzi ya mume na mke hata kidogo. Kuna taasisi, yenye ngazi zake, mishahara yake, wapelelezi wake na urithi wake.

Mehrunnisa anasoma katika shule hii. Anaona jinsi wanawake wasioonekana hadharani wanavyopeleka maneno hadi barazani. Historia inaunga mkono usawiri huu: mama yake Jahangir alikuwa na jahazi kubwa la biashara, na Wareno walipoliteka mwaka 1613 ulizuka mgogoro mzito kati yao na dola ya Wamughali. Mwanamke aliyeishi miaka minne kati ya watu kama hao hakuhitaji penzi la utotoni ili ajue kutawala. Ruby Lal, katika uchunguzi wake wa kihistoria uliotolewa mwaka 2018, ameonyesha kwa kirefu kwamba mamlaka ya Nur Jahan yalijengwa kwa matendo ya wazi: amri alizozitoa kwa jina lake, majengo, mawindo, ndoa alizozipanga. Riwaya ilikuwa na ushahidi wa namna hii mkononi mwake yenyewe, ikaupita mbio kuelekea bustani ambamo mfalme anasubiri.

Msomaji wa Afrika Mashariki anacho kipimo cha karibu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886. Anayezisoma akitafuta harimu ya mahaba atazikuta nyumba zilizojaa jamaa, hesabu, ugomvi wa ndugu na njama. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua Majid, Salme alifanywa karani wa njama hiyo, kwa sababu alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri. Kalamu ilimtia siasani kabla hajapenda mtu. Ni jambo dogo kama hili, ujuzi wa kuandika, ambalo riwaya ya Sundaresan ingeweza kulikuza. Mehrunnisa wake ni msomi, lakini usomi huo unabaki pambo la mchumba.

Hata hivyo hoja hii isivutwe kupita kiasi. Georg Lukács, katika kitabu alichokiandika mnamo 1936 na 1937 kuhusu riwaya ya kihistoria, alishauri kwamba watu wakubwa wa historia wawekwe pembeni, na mhusika wa kawaida ashike katikati ili nguvu za jamii zipate kuonekana kupitia kwake. Kwa kipimo hicho Sundaresan amekosea tangu mwanzo. Lakini Lukács alikuwa akiwazia mabaraza na medani za vita. Katika dola ambamo mwanamke hakuwa na cheo ila kwa kuwa mke, mama au binti wa fulani, mapenzi ya mfalme hayakuwa jambo la faragha. Mwaka 1626 Mahabat Khan alipomteka Jahangir kando ya mto Jhelum, Nur Jahan aliingia mtoni juu ya ndovu kujaribu kumwokoa. Aliposhindwa, alijisalimisha ili awe pamoja naye, kisha akapanga kutoka ndani namna ya kumkomboa. Nani atasema ni wapi katika kitendo hicho mke anakoma na mtawala anaanza? Pasipo mfalme hakuwa na mhuri.

Jahangir alipofariki mwaka uliofuata, Asaf Khan, ndugu yake Nur Jahan, alimweka kizuizini ili kumfungulia njia Khurram, aliyekuwa mkwe wake. Sarafu zenye jina la malkia zikakoma kupigwa. Aliishi Lahore kwa miaka kumi na minane mingine kwa posho ya mfalme mpya, hadi kifo chake mwaka 1645. Mtoto wa miaka minane anayependa hawezi kuieleza miaka hiyo. Ruqayya angeweza, na riwaya ilikuwa naye.