Duma: Albamu ya Kupeleka Bujora

Acha unachofanya. Tafuta spika, ikiwezekana isiwe yako maana inaweza kupasuka, kisha weka "Angels and Abysses", wimbo unaofungua albamu ya kwanza ya Duma. Mara mashine ya ngoma hiyo, inateremka kama fuso iliyofeli breki, na juu yake Martin Khanja anapiga ukunga ambao sijui koo la binadamu linautoa wapi. Nimeisikia leo kwa mara ya kwanza na bado mikono inatetemeka!

Duma walikuwa wawili tu: Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu, mpiga gitaa na mpika midundo. Wote wametokea kwenye bendi za metali za Nairobi. Mwaka 2019 walihamia Kampala kwa muda, wakarekodi kwenye studio za Nyege Nyege Tapes (jina la lebo usilitaje ukweni), na Agosti 2020 mzigo ukaingia sokoni. Nyimbo 9, basi.

Wahakiki wa ng'ambo waliipokea kwa shangwe. Jarida la Pitchfork la Marekani wakaisifia, The Quietus la Uingereza vilevile, na baadaye Sub Pop, lebo iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989, ikawatolea singo. Sawa, wamestahili. Ila wengi wao mizani yao ni ileile: Napalm Death wa Birmingham, waliochukua panki kali wakaikimbiza hadi ikakata pumzi kwenye albamu yao ya kwanza ya mwaka 1987. Mimi ni mtu wa Mwanza, nina mizani nyingine.

Kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, hucheza uwanja mmoja, muda uleule, kila upande na ngoma zake na manju wake. Atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana wanaingia na chatu shingoni, ndiyo maana kuna dawa, ndiyo maana kila mwaka lazima pawe na kioja kipya. Hakuna alama 8 juu ya 10. Miguu ya watu ndiyo inayoamua.

Basi nikaipeleka Duma sokoni Mwaloni, Kirumba, kwenye kibanda cha fundi redio ninayefahamiana naye, tukafungulia "Lionsblood" hadi mwisho. Mama mmoja aliyekuwa anapima dagaa akaacha kopo hewani.

"Mwanangu, huyo anayelia kafanywa nini?"

"Anaimba, mama."

"Basi mpeni maji."

Akarudi kwenye dagaa zake. Lakini bodaboda walizima pikipiki! Mmoja akaanza kutikisa kichwa, wa pili akauliza kama hiyo ni singeli ya Wakenya. Swali zuri kuliko nusu ya uhakiki niliousoma, maana Nyege Nyege haohao ndio waliotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, singeli ya Dar ya mipigo zaidi ya 200 kwa dakika. Sikio lililokulia kwenye vigodoro vya singeli halishtushwi na kasi ya Duma. Kinacholishtua ni giza lake. Singeli inakuchekesha huku inakukimbiza. Hawa hawacheki kabisa.

Kasoro? Ipo. Maneno ya Khanja yamezama mno ndani ya kelele, na manju asiyesikika maneno Usukumani hafiki mbali, kwa sababu nusu ya ushindi ni kumchamba mpinzani. Ningependa nimsikie anamtukana nani.

Lakini hilo ni la studio, jukwaani linarekebishika. Nyege Nyege wanafanya tamasha lao Jinja, mji ulio kando ya ziwa hilihili letu. Promota yeyote wa Mwanza unayesoma hapa: Juni, kwenye Bulabo, wakikubali kupanda jukwaani pamoja tena, waweke katikati ya Wagika na Wagalu, na uje na jenereta mbili.