Bao Lililoficha Goti

Ukimtaja Victor Wanyama Lodwar au Kakuma, utajibiwa kwa neno moja: Anfield. Na ni haki. Februari 4, 2018, jamaa ana mwezi mmoja tu tangu arudi, baada ya goti kumweka nje kuanzia Agosti. Anaingia kutoka benchi, kipa Karius anautoa mpira kwa ngumi, Wanyama anaupiga hapo hapo kutoka mbali bila kuutuliza. Wavu! Mechi ikaisha 2-2, nasi tukatangaza: amerudi.

Lakini litazame tena lile bao. Shuti lilikuwa moja, mbio hazikuwepo. Kiungo mkabaji haishi kwa mashuti. Anaishi kwa kugeuka ghafla, kwa hatua mbili za kwanza, kwa kumfikia mtu kabla hajainua kichwa. Hapo ndipo tungemkagua.

Goti likamsumbua tena msimu uliofuata. Jibu likaja Amsterdam, Mei 8, 2019. Ajax walipasiana haraka, Wanyama akawa anafika mpira ushaenda. Mapumziko 2-0. Akatolewa, Llorente akaingia, na Tottenham wakashinda 3-2 yeye akiwa nje. Si uvivu. Kichwa kilijua pa kwenda, mguu ukachelewa.

Huku kwetu, kwenye vumbi na mawe, mtu hufunga goti kitambaa akarudi uwanjani wiki hiyo hiyo, akifunga bao tunasema amepona. Hiyo hadithi inatuumiza. Beki wako akirudi, usisubiri afunge. Mwangalie akigeuka.